Safari ya kurudi tupu

"Ulikuwa unatoka wapi?"

Aliniuliza taratibu, kalamu imeshatua juu ya karatasi. Alikuwa mkadiria hasara, kijana mstaarabu aliyenianza kwa shikamoo, ametumwa na kampuni iliyonikatia bima aje kuliangalia gari. Tulikuwa uani kwa fundi, Chikongola. IST yangu ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe, taa ya kushoto haipo, boneti imekunjamana, kioo cha mbele kimepasuka toka pembe hadi pembe. Nikamjibu kwamba nilikuwa natoka Mitengo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Nilipeleka chakula. Gari lilikuwa tupu, narudi mjini.

"Chakula cha mgonjwa wako, mzee?"

"Hapana. Cha mteja."

Akaandika. Akaniuliza kama nililipwa, nikasema ndiyo, shilingi 6,000. Akaandika tena, akapiga picha zake, akaniaga vizuri. Fundi alisubiri mpaka pikipiki ya yule kijana ilipotoka getini, akaniambia, "Kaka, hapo umejimaliza."

Nimekaa na neno lile kwa muda mrefu. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara na Lindi wanaofanya kile nilichokuwa nafanya: wenye gari la namba ya njano, yaani la binafsi, wanaobeba abiria wa kupigiwa simu, vijana wa bodaboda wanaopelekea watu mizigo kutoka stendi, kina mama wanaopika na kutafuta mtu wa kusambaza. Wengi wetu tunaamini tuna bima. Stika ipo, tarehe haijapita, trafiki akikusimamisha akaangalia kwenye simu yake inaonekana hai. Na bado unaweza kuwa huna.

Nianze na namna nilivyoingia. Nilikuwa mtunza stoo wa mkandarasi. Mradi ukaisha, mkataba nao ukaisha. Kiinua mgongo kidogo nilichopata nikakichanganya na mkopo wa SACCOS, nikanunua IST iliyotumika kwa shilingi milioni 12. SACCOS walinitaka nikate bima kubwa, ile inayokinga na gari lenyewe, maana gari ndilo lilikuwa dhamana yao. Nikakata. Kwa gari binafsi kiwango kilikuwa asilimia 3.5 ya thamani, yaani shilingi 420,000, ukiweka na VAT ya asilimia 18 ikafika 495,600. Kuna wenzangu walinicheka. Kwa nini nilipe karibu nusu milioni wakati bima ndogo ya gari la kutembelea, ile inayowalipa wengine tu, ilikuwa shilingi 118,000 na trafiki haulizi zaidi ya hapo? Mimi nilijiona mtu mwenye akili. Nilidhani bima kubwa maana yake ni bima ya kila kitu.

Mwanzoni gari lilikuwa la nyumbani kweli. Kupeleka watoto shule, kwenda Nanyamba kumwona mama, kuchukua mihogo shamba. Kisha jirani akaniomba nimpeleke mgeni wake uwanja wa ndege, akanipa ya mafuta na kidogo juu. Mgeni akachukua namba yangu. Msimu wa korosho ulipofika, watu wa minada wakajaa mjini, wageni wa nyumba za kulala wageni wakawa wanapewa namba yangu mapokezi. Dar es Salaam watu wanaita gari kwa programu ya simu tangu Uber walipoingia mwaka 2016. Kwetu programu ni namba ya simu yenyewe na kundi la WhatsApp. Mtu anaandika, "Nani yuko karibu na stendi ya Mkanaledi? Nina kifurushi kimetoka Dar," anayejibu kwanza ndiye anayekula.

Halafu nikampata mama mmoja wa Shangani anayepika. Wali wa nazi, pweza, mchicha wa nazi, kila kitu kwenye makontena yaliyofungwa vizuri. Wateja wake wengi walikuwa na wagonjwa hospitalini, watu waliotoka Newala, Tandahimba na Masasi, hawana ndugu mjini wa kuwapikia. Nilikuwa napeleka sahani nne, tano, sita kwa siku. Sikuwahi kujiona mfanyabiashara wa usafirishaji. Nilijiona mtu mwenye gari anayesaidia na kupata chochote. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo shimo lilipo. Hakuna siku niliyoamka nikasema kuanzia leo gari hili ni la biashara. Liliteleza lenyewe, safari moja moja, huku karatasi za bima zimekaa kabatini zikieleza gari jingine kabisa.

Ajali ilitokea Ijumaa, mwezi wa kumi na mbili. Mvua za mwanzo mwanzo, zile zinazoacha lami ina utelezi wa vumbi na mafuta. Nilishashusha chakula, nimeshapokea hela kwenye simu, nimegeuza kurudi mjini. Bajaji ikachomoka kutoka njia ya vumbi bila kusimama. Nikakwepa kushoto. Kushoto, pembeni ya barabara, kulikuwa na mzee kwenye baiskeli na tenga la samaki nyuma. Nilimgonga, kisha nikaishia kwenye mnazi.

Sitaeleza sauti. Alivunjika mfupa wa paja. Watu walikuja, wengine wakiwa na hasira, wengine na maji, mama mmoja akavua khanga yake akamfunika. Askari wakafika, tukapata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukamrudisha mzee kule kule nilikotoka dakika chache kabla. Mlinzi wa getini aliyenipungia mkono nikitoka ndiye aliyetufungulia tukiingia.

Jioni ile nilimpigia wakala aliyeniuzia bima. Nilitegemea aniambie taratibu za fomu. Badala yake akaniuliza haraka haraka, "Ulikuwa na abiria?" Nikasema hapana. "Afadhali. Sasa sikiliza, mjomba. Ukiulizwa, ulikwenda kumjulia hali mgonjwa. Basi. Usiongeze neno."

Sikumchukia. Alikuwa ananionea huruma, na alijua kitu nisichokijua. Lakini usiku ule nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, binti wa yule mzee amekaa pembeni yangu, ananiita baba mdogo kwa heshima pamoja na yote niliyowafanyia, na nikaona nikianza na uongo mmoja kwa kampuni, kesho nitakuwa na uongo wa pili polisi na wa tatu kwa huyu binti. Isitoshe ujumbe wa malipo ulikuwa kwenye simu yangu, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, na ajali iliandikwa saa saba na nusu. Nikasema ukweli. Sijajuta. Lakini nataka msomaji ajue ukweli ule ulinigharimu kiasi gani.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Kampuni ilisikitika, ila gari lilikuwa linatumika nje ya mipaka ya matumizi iliyoandikwa kwenye mkataba, hivyo haitalipa matengenezo. Kuhusu madai ya mtu wa tatu, yaani yule mzee, ilisema inahifadhi haki zake zote. Maneno hayo ya mwisho nilimpelekea mwalimu mmoja aniambie maana yake. Akasema maana yake ni kwamba hawajasema ndiyo wala hapana, na wakisema hapana usiseme hukuambiwa.

Nikafungua kabati. Mkataba wa bima ulikuwa kwenye bahasha yake, haujawahi kukunjuliwa. Nakushauri leo uukunjue wa kwako, utafute sehemu ya mipaka ya matumizi. Ni sentensi mbili au tatu, na kwa magari binafsi zinafanana karibu kampuni zote, maana zimerithiwa toka kwa Waingereza. Kwa Kiswahili chepesi zinasema hivi: gari litatumika kwa shughuli za kijamii, za nyumbani na za matembezi, na kwa shughuli za mwenye bima mwenyewe. Halitakingwa likitumika kwa kukodishwa au kwa malipo, kwenye mashindano ya mbio, wala kubeba bidhaa kwa ajili ya biashara.

Kwa malipo. Neno hilo moja lina uzito kuliko stika nzima. Halisemi malipo makubwa. Halisemi kila siku. Halisemi lazima uwe na programu kwenye simu au kibao cha teksi juu ya paa. Sahani sita za wali wa nazi na shilingi 6,000 zinatosha.

Lakini mimi nilikuwa tupu, narudi. Hiyo ndiyo hoja niliyokwenda nayo ofisini kwao, nimevaa shati la Ijumaa. Nikawaambia, saa ile nilikuwa sina chakula, sina abiria, nimeshamaliza kazi, naendesha gari langu kurudi nyumbani kwangu. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao safari ni moja, kwenda na kurudi, kwa sababu usingekuwa kule kama si malipo. Nikamuuliza, je, kama ningepitia kwanza kwa dada yangu Magomeni, nikanywa chai, ndipo nikarudi? Akatabasamu kwa upole, akasema hilo lingekuwa la kujadiliwa.

La kujadiliwa. Nilitoka pale nikiwaza kwamba maisha ya mtu mzima yanaweza kuning'inia kwenye kikombe cha chai. Lini kazi inaanza? Simu ikilia? Ukiwasha gari? Ukishika mzigo mkononi? Na inaisha lini?

Swali hili si letu peke yetu, na kuna mahali liliulizwa kwa msiba. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2013, huko San Francisco, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 6 aligongwa na kufa akivuka barabara na mama yake na mdogo wake. Dereva alikuwa anaendesha gari lake mwenyewe, programu ya Uber imewashwa, anasubiri kuitwa. Hakuwa na abiria. Uber wakasema hakuwa kazini kwao wakati ule. Na bima binafsi za magari kule, kama hizi zetu, hazitaki kusikia habari ya gari la malipo. Kwa hiyo dereva alikuwa kwenye ardhi isiyo na mwenyewe.

Msiba ule uliwalazimisha Wamarekani kuukata muda wa dereva vipande vipande. Programu ikiwa imezimwa, bima yako binafsi ndiyo inayokukinga. Programu imewashwa lakini hujapokea safari, hicho ndicho kipande kilichokuwa wazi. Umepokea safari na unamfuata abiria, hadi umemshusha, hapo kampuni inakinga kwa dola milioni 1. Mwaka 2014 jimbo la Colorado lilitunga sheria ya mambo haya, na California nayo ikatunga yake mwaka huo huo, ikaanza kutumika Julai 2015. California iliamua kwamba hata kile kipande cha kusubiri lazima kiwe na kinga: dola 50,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 100,000 kwa ajali moja, na 30,000 kwa mali. Hata hivyo dereva bado anaachiwa mashimo. Kwenye kipande cha kusubiri, kinga hiyo ni ya watu aliowaumiza, si ya gari lake. Na kampuni nyingi za kupeleka chakula humkinga akiwa kwenye oda tu. Akishashusha sahani na kugeuza, anarudi kwenye bima yake binafsi, ambayo nayo haimtaki.

Niliposoma hayo kwenye benchi la wodi, simu imebaki asilimia tisa, nilishtuka. Yule dereva wa San Francisco na mimi niliyekuwa Mitengo tulikuwa mahali pamoja. Tofauti ni kwamba kwao kuna vipande vilivyoandikwa. Kwetu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanasimamia leseni za magari ya biashara, yakiwemo yanayoitwa kwa programu, na ukishakuwa na leseni na bima ya biashara gari linakingwa kama gari la biashara muda wote, kusubiri na kurudi tupu vikiwemo. Hilo ni jema kuliko la Wamarekani, kwa maoni yangu. Shida ni kwamba sisi wa namba ya njano hatumo humo kabisa. Kwetu si kipande kilicho wazi. Ni siku nzima.

Na bado sijagusa leseni. Daraja D niliyokuwa naishika iliniruhusu gari dogo lisilo la biashara ya abiria. Kubeba abiria wa kulipa kunataka daraja la familia ya C. Ingekuwa siku ile nina abiria, kampuni ingekuwa na sababu mbili za kukataa badala ya moja.

Watu huniuliza, sasa yule mzee? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imetungwa ili mtu kama yeye asipotee kati ya mabishano yangu na kampuni. Inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima inayomkinga mtu wa tatu anayeuawa au kuumizwa, na inaitaka kampuni ilipe hukumu aliyopewa mtu huyo hata pale inapokuwa na haki ya kuuvunja mkataba na mwenye gari. Ikishalipa inaweza kunigeukia mimi. Lakini mawakili wanavutana hapo hapo, kwa sababu dhima yenyewe lazima iwe ile ambayo mkataba ulikubali kuikinga. Na neno ni hukumu. Mzee wa baiskeli anayeuza samaki lazima kwanza kesi ya trafiki iishe, apate nakala, ramani ya tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari, taarifa ya daktari, kisha ndipo adai. Yeye hasomi Kiingereza. Mguu wake uko juu ya kamba. Nani atamzungushia karatasi hizo?

Nilimzungushia mimi. Wengine waliniona mwendawazimu kumsaidia mtu anayenidai. Na wakati karatasi zinazunguka, nilibeba nilichoweza: vyuma vya mguu, dawa, nauli za binti, unga. Niliuza korosho zangu zote za mwaka ule, zile za shamba la Nanyamba alilotuachia baba, na fedha za stakabadhi ghalani zilipoingia hazikulala nyumbani hata usiku mmoja. Marejesho ya SACCOS yaliendelea vile vile. Gari lilikaa chini ya mwembe miezi saba.

Hili la mkopo wengi hatulioni. Bima ikikataa kulipa, deni halikatai kudaiwa.

Sasa niseme ya bodaboda, maana wao ndio wengi na ndio wanaoumia zaidi. Kijiwe cha karibu na kwangu nimekaa nao jioni kadhaa tukizungumza haya. Karibu wote wana bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Nikawauliza, ukianguka peke yako Mikindani usiku, bima hii inakulipa nini? Wakatazamana. Haikulipi kitu. Mtu wa tatu ni kila mtu isipokuwa wewe. Wewe ni wa kwanza, kampuni ni ya pili. Mguu wako, meno yako, siku zako za kulala kitandani, pikipiki yenyewe, hakuna hata kimoja kilichomo. Kuna bima ya ajali binafsi inayoweza kuongezwa, lakini mpaka uiombe. Hakuna atakayekufuata kijiweni kukuambia.

Kuna na mambo ya mkataba na deiwaka. Pikipiki ni ya tajiri, kijana analeta hesabu kila siku mpaka imalizike iwe yake. Bima imekatwa kwa jina la tajiri, na kwenye fomu hakuna aliyeandika kama ni ya kubeba abiria au ya kwenda shamba. Kijana akichoka au akiwa na msiba, anampa deiwaka, mara nyingine mdogo wake asiye na leseni. Hesabu ya siku inaokolewa. Lakini karibu kila mkataba wa bima unataka dereva awe na leseni halali ya chombo anachoendesha. Siku deiwaka akigonga, tajiri atasema hamjui, kijana atasema hakuwepo, na aliyelala barabarani hana wa kumshika.

Mmoja wao, mpole mpole, alinifuata tulipokuwa tunaagana. "Mjomba, mi nabeba vifurushi vya stendi tu, sibebi mtu. Hiyo si biashara ya abiria." Nikamwambia nami nilidhani hivyo. Mzigo wa mtu kwa malipo ni biashara vile vile. Na simu ya mteja iliyomo kwenye kifurushi, ikivunjika, bima ya pikipiki haina habari nayo, hiyo ina bima yake ya mzigo ukiitaka.

Nilikwenda kumwona wakala wangu nilipopata nguvu. Sikwenda kugombana. Nilimwomba anionyeshe fomu niliyojaza siku ya kukata bima. Akaipata. Swali lilikuwepo, la saba kutoka juu: matumizi ya gari. Pameandikwa binafsi, kwa mwandiko wake. Chini kabisa kuna sahihi yangu. Siku ile alijaza yeye haraka, mimi nikatia sahihi pale alipoweka kidole. Hakuniuliza, sikumwambia. Siku ile nisingekuwa nimedanganya, kwa sababu gari lilikuwa binafsi kweli. Uongo ulikuja baadaye, nilipoanza kubeba na nisirudi kusema.

Ninachokidai kutoka kwa wanaouza bima ni kidogo sana. Muulize mtu swali lile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Utabeba mtu au mzigo wa kulipiwa, hata mara moja kwa wiki? Mweleze bei ya akisema ndiyo. Bima ya gari la abiria ni ghali kuliko ya binafsi, na inahesabu viti, lakini mtu akiijua bei ataamua. Mkataba nao uandikwe kwa lugha ya aliyetia sahihi. Mwaka mzima nilikuwa na karatasi inayoniambia wazi kwamba sikingwi, na sikuweza kuisoma vizuri. TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wametuwekea njia nzuri ya kuhakiki stika kwa simu, unaingiza namba ya gari unaona kama bima ni halali. Natamani pale pale paandikwe na matumizi yake, ili abiria anayepanda gari la namba ya njano pale Mnazi Mmoja kuelekea Masasi aone kwamba bima ya gari hilo haikukatwa kwa ajili yake.

Na kwa wenye kulipa watu wa kuwapelekea vitu, kina mama wa chakula, maduka, nyumba za wageni: mnaponipa sahani, mnanipa na hatari. Yule mama wa Shangani alilia aliposikia. Hakuwa na kosa kisheria, lakini alianza kuuliza kila anayempa kazi, bima yako inasemaje? Wawili hawakurudi. Wa tatu alikwenda kubadilisha.

Nami nilibadilisha. Nililitengeneza gari kidogo kidogo, taa ya Dar, boneti ya rangi nyingine. Nikalisajili kuwa la biashara, namba ya njano ikatoka, nyeupe ikaingia. Nikaenda kusomea na kupandisha leseni, nikaomba ya LATRA, nikakata bima ya abiria wa kulipa na kuongeza ajali binafsi ya dereva. Safari hii fomu nilijaza mwenyewe, polepole, wakala ananisubiri. Gharama zimepanda na nimepandisha bei. Safari ya Mitengo si 6,000 tena, na kuna wateja walionihama kwa wa bei rahisi. Nawaelewa. Nilikuwa mimi huyo wa bei rahisi.

Dai la mzee bado halijaisha. Kesi ya trafiki ilimalizika, nikalipa faini, nakala ya hukumu tukaipata baada ya kwenda na kurudi mara nne. Kampuni iliposhikilia msimamo wake tulipeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na haitozi mlalamikaji. Niliandika barua mbili, moja ya gari langu na moja ya mguu wake. Ya gari sina matumaini makubwa nayo, nilivunja mkataba kweli. Ya mguu naipigania.

Huwa napita kwa mzee kila Jumapili. Anatembea kwa fimbo sasa, baiskeli imeegemezwa ukutani, tenga liko juu yake. Jumapili iliyopita aliniuliza barua imefika wapi, nikamwambia iko Dar. Akatikisa kichwa, akamwita binti alete chai. Kisha akaniuliza kama nimelipa mafuta ya kuja pale mwenyewe, au kuna mtu nimembeba njiani.

"Nimekuja tupu, babu," nikamwambia.

"Na ukirudi?"

Nikamwambia nikirudi nina abiria wawili wa stendi, na kwamba safari hii wote wamo kwenye karatasi.